Arthur Newton: Mkulima Aliyekimbia ili Asikike

Utangulizi

Fani ya wasifu ina nafasi yake katika fasihi ya Kiswahili tangu Shaaban Robert alipoyaandika maisha ya Siti binti Saad. Hata hivyo, aghalabu tumezoea kusoma wasifu wa washairi, viongozi na wapigania uhuru. Wanariadha hutajwa kwa nadra mno, ilhali jina la nchi yetu limeenea duniani, kwa sehemu kubwa, kwa nguvu za miguu ya wakimbiaji wake. Makala haya yanakusudia kulipunguza pengo hilo kwa kiasi kidogo. Yanasimulia maisha ya Arthur Francis Hamilton Newton, mkulima aliyeanza kukimbia akiwa na umri wa miaka 38 na ambaye, kabla ya kufariki, alikuwa amevunja rekodi za masafa ambayo watu wengi wa zama zake walidhani hayawezi kukimbiwa.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ajishughulishe na Mwingereza aliyelima pamba kusini mwa Afrika. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, mbio zilizompatia umaarufu zilizaliwa kutokana na vita vilivyopiganwa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Pili, Newton hakukimbia kwa kupenda michezo. Alikimbia kwa sababu alikuwa na malalamiko juu ya ardhi, na aliamini kwamba serikali iliyokataa kumsikiliza mkulima isingeweza kumpuuza bingwa. Suala la ardhi, na la nani husikilizwa anapolalamika, sisi tunalijua. Kwa hivyo maisha yake yanastahili kusomwa nasi kwa macho yetu wenyewe.

Kuzaliwa na Kuhamia Natal

Newton alizaliwa tarehe 20 Mei 1883 huko Weston-super-Mare, mji wa pwani ya magharibi ya Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, akiwa kijana, alisafiri hadi Natal, koloni la Waingereza lililokuja kuwa mkoa wa Muungano wa Afrika Kusini mwaka wa 1910. Baada ya shughuli kadha wa kadha alishika jembe. Shamba lake lilikuwa mahali paitwapo Ihluku, karibu na mji mdogo wa Harding kusini mwa Natal. Huko alilima pamba na tumbaku, akaishi maisha ya upweke yaliyokuwa ya kawaida kwa walowezi wa mashambani. Alipenda vitabu, alipenda kuvuta kiko, na chai hakuikosa. Hakuna katika miaka hiyo kilichoashiria kwamba mtu huyu angekuja kuwa mwanariadha. Alikuwa ametembea na kukimbia kidogo kwa ajili ya afya yake, kama wafanyavyo wengi, basi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914 alihudumu jeshini. Aliporejea shambani alikuta mambo yamebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyougeuza mkondo wa maisha yake.

Mgogoro wa Shamba

Ili kuuelewa mgogoro wa Newton, hatuna budi kuitazama kwanza sheria iliyouzaa. Mwaka wa 1913 bunge la Muungano wa Afrika Kusini, ambalo lilikuwa la watu weupe watupu, lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji. Sheria hiyo iliwatengea Waafrika, waliokuwa wengi mno kuliko walowezi, takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi, na kuwazuia kununua au kukodi nje ya mipaka hiyo. Serikali ililazimika kuchora upya ramani: wapi paitwe pa Mzungu na wapi paitwe pa Mwafrika. Eneo la Ihluku likaangukia upande wa Waafrika.

Newton alijiona amedhulumiwa. Alidai kwamba shamba alilolijenga kwa miaka mingi lilikuwa limepoteza thamani, kwamba hakuweza tena kuliendesha kama zamani, na kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kumfidia. Aliandika barua, akatoa hoja, akangoja. Serikali ilikataa. Aliandika tena, na jibu likabaki lile lile.

Hapa ndipo penye kinaya ambacho msomaji Mwafrika hawezi kukipita. Sheria iliyomuumiza mlowezi mmoja kwa kulitia shamba lake ndani ya asilimia 7 ilikuwa imewanyang'anya mamilioni ya watu asilimia 93 iliyobaki. Newton aliliona jeraha lake kwa uwazi mkubwa, lakini katika malalamiko yake hakulivalia njuga lile kubwa zaidi lililokuwa limemzunguka. Hatusemi haya ili kumhukumu mtu ambaye hawezi tena kujitetea. Tunayasema kwa sababu bila ya kuyasema, wasifu wake ungekuwa hadithi tamu ya shujaa mmoja dhidi ya serikali, na ukweli hauko hivyo.

Baada ya njia za kawaida kushindikana, Newton alifikiria njia nyingine. Alijiuliza ni watu gani ambao wananchi wa Natal huwapenda na magazeti huwaandika. Akaona kwamba ni wanamichezo. Kama angekuwa mwanamichezo mashuhuri, watu wangetaka kujua habari zake, na kupitia habari zake wangeisikia kesi yake. Kwa mtu wa umri wake michezo mingi ilikuwa imekwisha kumpita. Lakini mwaka uliotangulia yalikuwa yameanzishwa mashindano mapya yaliyohitaji uvumilivu kuliko wepesi. Akayachagua hayo.

Mbio Zilizozaliwa Vitani

Mashindano hayo ni yale yanayoitwa Comrades, yaani mbio za Wandani, na chanzo chake ki karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwasisi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa gari moshi. Wakati wa vita alikuwa askari katika kikosi cha Afrika Kusini kilichopelekwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ambalo leo ni Tanzania bara. Huko walimwandama jemadari Paul von Lettow-Vorbeck kwa mwendo wa maelfu ya kilomita, katika jua, mvua, njaa na malaria. Wenzake wengi hawakurudi. Clapham alipofika nyumbani alitaka kumbukumbu ambayo haingekuwa jiwe la kuwekwa uwanjani na kusahauliwa. Alitaka watu wataabike kwa miguu yao kama walivyotaabika wale waliokufa. Baada ya kukataliwa mara kadhaa na chama cha askari wastaafu, alikubaliwa mwaka wa 1921. Tarehe 24 Mei mwaka huo wanaume 34 waliondoka Pietermaritzburg kuelekea Durban, umbali wa takriban kilomita 87. Waliofika walikuwa 16.

Ikumbukwe kwamba katika vita hivyo hivyo walikufa pia wapagazi Waafrika kwa makumi ya maelfu, waliobeba risasi na vyakula vya majeshi ya pande zote. Majina ya mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yanatokana na kikosi chao. Mbio za Wandani hazikuanzishwa kwa ajili yao. Wala wajukuu wao wasingeruhusiwa kuzikimbia: kwa zaidi ya miaka 50 zilibaki kuwa za wanaume weupe peke yao.

Vilima vya Natal

Tarehe 1 Januari 1922 Newton alitoka nyumbani kwake kuanza mazoezi. Alikimbia maili mbili tu, yaani zaidi kidogo ya kilomita tatu, na maumivu ya misuli yaliyomshika baadaye yalimchukua siku kadhaa kupoa. Mashindano yalikuwa miezi mitano mbele, na urefu wake ulikuwa mara 27 ya safari hiyo ya kwanza.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachomfanya akumbukwe na walimu wa riadha hadi leo. Mtindo wa wakati ule ulikuwa kufanya mazoezi machache lakini makali: mwanariadha alitembea sana, akakimbia kwa kasi siku chache, akapumzika ili asichakae. Newton aliujaribu mtindo huo, akauona haufai. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alijifunza kwa kuusikiliza mwili wake, kama mkulima anavyolisoma shamba lake. Aligundua kwamba akipunguza kasi aliweza kwenda mbali, na kwamba akienda mbali kila siku mwili ulizoea mambo ambayo juma lililopita ulikuwa umeyakataa. Akaanza kukimbia takriban kila siku, polepole, kwa hatua fupi ambazo karibu zilikuwa za kuburuza miguu, na akaongeza masafa kidogo kidogo hadi maili 20 na zaidi kwa siku. Kiko chake hakukiacha. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na sidhani kama kuna mwanariadha aliyeithibitisha methali hiyo kwa uaminifu zaidi.

Mwaka wa 1922 mbio zilielekea upande wa kupanda, kutoka Durban hadi Pietermaritzburg. Njia hiyo huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 800, na kupanda kwenyewe si kwa mara moja. Mkimbiaji hukutana na Cowies Hill, kisha Field's Hill, kisha Botha's Hill, akiwa hajafika hata nusu ya safari. Baada ya kijiji cha Drummond, kilicho katikati, humngoja kilima cha Inchanga. Upande mmoja wa barabara hutandaa Bonde la Vilima Elfu, mandhari ya kupendeza kwa msafiri wa gari, na ya kukatisha tamaa kwa mtu anayehesabu hatua. Na pale anapodhani kwamba taabu imekwisha, kilomita chache kabla ya mji, husimama Polly Shortts, kilima ambacho kwa ukubwa si chochote lakini kwa mahali kilipo kimewavunja mabingwa wengi. Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo, yenye vumbi wakati wa kiangazi na mawe wakati wote.

Newton hakuwa mmoja wa waliotazamiwa kushinda. Alianza nyuma. Waliomtangulia waliianza siku kana kwamba wanakimbia maili 10, na kilima baada ya kilima wakaanza kutembea. Yeye hakubadilisha mwendo. Alipanda kwa hatua zile zile fupi, akawapita mmoja mmoja, na akafika Pietermaritzburg wa kwanza kwa muda wa saa 8 na dakika 40. Siku nne kabla ya hapo alikuwa ametimiza miaka 39.

Mwaka wa 1923 mbio zilielekea Durban, upande wa kuteremka, na Newton alishinda kwa muda wa saa 6 na dakika 56. Mwaka wa 1924, akipanda, alitumia saa 6 na dakika 58. Mwaka wa 1925, akiteremka tena, alitumia saa 6 na dakika 24. Ili msomaji aipime maana ya tarakimu hizi, mshindi wa mwaka wa 1921, Bill Rowan, alikuwa ameteremka njia hiyo hiyo kwa muda wa saa 8 na dakika 59. Katika kipindi cha miaka minne tu, mtu mmoja aliyepita umri wa miaka 40 alikuwa amepunguza zaidi ya saa mbili na nusu.

Kutoka Mashindano hadi Rekodi

Ushindi ulimpa Newton jina alilolitafuta. Magazeti yalimwandika, na watu walimpungia mikono barabarani. Serikali haikutikisika. Hapa akapiga hatua iliyoyageuza maisha yake kwa mara ya pili. Aliona kwamba umaarufu wa Natal pekee haukutosha. Ilibidi jina lake lifike London, kwenye makao makuu ya Milki. Na njia ya kufika huko haikuwa kumshinda jirani katika mashindano ya kila mwaka. Ilikuwa kuishinda saa yenyewe.

Katika mashindano mtu hushindana na watu. Akiwa mbele anaweza kupumua, na akiwa nyuma ana mgongo wa mwenzake wa kuufuata. Anayekimbilia rekodi hana mgongo wa kuufuata. Hushindana na mtu asiyeonekana, aliyepita njia ile labda miaka 20 iliyopita, na ambaye hachoki. Newton alifaa kwa kazi hiyo kuliko alivyofaa kwa mashindano. Upweke alikuwa ameuzoea shambani.

Mwaka wa 1923 alikimbia maili 50 huko Natal kwa muda wa chini ya saa 6, jambo lililopokewa ng'ambo kwa shaka. Mwaka wa 1924 akasafiri hadi Uingereza kuwaonyesha waliotilia shaka. Njia ya kutoka London hadi Brighton, yenye urefu wa kilomita 84 hivi, ilikuwa kipimo kikongwe cha wakimbiaji wa nchi hiyo, na rekodi yake ilikuwa imeshikiliwa tangu 1903 na Len Hurst kwa muda wa saa 6 na dakika 32. Newton aliikimbia mara ya kwanza katika hali mbaya ya hewa, akaivunja rekodi, na hakuridhika. Majuma machache baadaye aliirudia, akafika Brighton kwa muda wa saa 5, dakika 53 na sekunde 43.

Aliporejea Afrika Kusini malalamiko yake yalikuwa pale pale alipoyaacha. Mwaka wa 1925, akiwa bingwa wa mara nne na mwenye rekodi za dunia, aliliacha shamba bila fidia na kuhamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Mpango wake ulikuwa umefaulu katika kila jambo isipokuwa lile moja lililomfanya aanze.

Mtu mwingine angeacha kukimbia hapo, kwa kuwa sababu ya kukimbia ilikuwa imekufa. Newton hakuacha. Mwaka wa 1926 alirudi Natal na kwa mara ya kwanza alishindwa, akifika wa pili nyuma ya Harry Phillips. Mwaka wa 1927 alirudi tena na kushinda kwa mara ya tano, akiwa na umri wa miaka 44. Mwaka huo huo alikimbia maili 100, sawa na kilomita 161, kutoka Gwelo hadi Bulawayo kwa muda wa saa 14 na dakika 43. Mwezi wa Januari 1928, katika baridi ya Uingereza, alikimbia tena maili 100 katika barabara ya kutoka Bath hadi London kwa muda wa saa 14 na dakika 22. Nadhani ni katika miaka hii miwili ambapo mbio zilikoma kuwa barua yake kwa serikali zikawa kazi yake. Barua iliyokataliwa ilikuwa imemfundisha lugha, na lugha ilibaki.

Barabara za Marekani

Sheria za riadha za wakati ule ziliwatenganisha kabisa wanariadha wa ridhaa na wale wa kulipwa. Newton alikuwa wa ridhaa, na rekodi hazikumlisha. Kwa hivyo mwaka wa 1928 aliingia katika mashindano ya kulipwa yaliyoandaliwa na mfanyabiashara C. C. Pyle: kukimbia kutoka Los Angeles hadi New York, umbali wa zaidi ya kilomita 5,500, kwa mikondo ya kila siku. Walioanza tarehe 4 Machi walikuwa 199. Newton, mzee kati yao, alichukua uongozi mapema na kuupanua kwa saa kadhaa huku vijana wakianguka jangwani. Lakini huko Arizona kano ya kisigino ilimsaliti, akalazimika kujiondoa. Hakuondoka, bali alisafiri na msafara akiwashauri waliobaki. Waliofika New York walikuwa 55, na zawadi ya dola 25,000 ilichukuliwa na Andy Payne, kijana wa Oklahoma mwenye asili ya Wacherokee. Mwaka wa 1929 Newton alijaribu tena, na safari hii aligongwa na gari barabarani. Mara mbili alilianza bara lile, na mara mbili hakulimaliza.

Kutokana na safari hizo alipata rafiki wa kudumu, Peter Gavuzzi, Mwingereza kijana kuliko yeye. Kwa miaka kadhaa wawili hao walifanya kazi popote mbio zilipolipwa, Marekani na Kanada. Walishindana hata na farasi, na walikimbia kwa viatu vya thelujini. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na mara nyingine waandaaji walitoweka na fedha. Mwaka wa 1931, katika ukumbi wa ndani mjini Hamilton, Kanada, Newton alizunguka kwa muda wa saa 24 na kufikisha maili 152 na yadi 540, yaani kilomita 245. Mwaka wa 1934 alirudi katika barabara ya Bath kwa mara ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 51. Alizikimbia maili 100 kwa muda wa saa 14 na dakika 6, akiipunguza rekodi yake mwenyewe ya 1928 kwa dakika 16, kisha akastaafu. Katika daftari zake alikuwa ameandika zaidi ya maili 100,000 alizozikimbia tangu ile asubuhi ya Januari 1922.

Mwalimu wa Ruislip

Miaka iliyobaki Newton aliishi Ruislip, nje kidogo ya London, katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi kwa mkimbiaji yeyote. Birika la chai halikukauka. Huko aliandika vitabu vilivyoeleza kanuni alizozipata kwa taabu: fanya mazoezi mara nyingi, usifanye mashindano ndani ya mazoezi, ongeza masafa kwa subira, tumia nguvu kama mtu anayejua kwamba hana nyingi. Alikuwa pia na kinywaji chake maalumu cha safarini, maji ya limau yaliyokolezwa sukari na kutiwa chumvi kidogo. Wanasayansi wa baadaye waliotengeneza vinywaji vya wanariadha walitumia vitu vya aina ile ile.

Kati ya wageni wake alikuwemo Wally Hayward wa Afrika Kusini, aliyekuja mwaka wa 1953 kuzitafuta rekodi za njia zile zile. Hayward aliikimbia London hadi Brighton kwa muda wa saa 5 na dakika 29, na barabara ya Bath kwa muda wa saa 12 na dakika 20. Rekodi zilizomgharimu Newton ujana wake wa pili zilikuwa zimefutwa na mgeni aliyelala chini ya paa lake mwenyewe na kunufaika na ushauri wake. Newton alimsaidia mwanzo hadi mwisho. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wakimbiaji wa barabarani cha Uingereza. Alifariki mwezi wa Septemba 1959 akiwa na umri wa miaka 76.

Hitimisho

Tumeona jinsi mtu mmoja alivyoanza kukimbia ili asikike, akakosa kusikilizwa, na bado akaendelea kukimbia. Tukiyapima maisha yake kwa lengo alilojiwekea, alishindwa: fidia hakuipata. Tukiyapima kwa alichokigundua njiani, mchango wake ungali hai. Kila mkimbiaji anayetoka alfajiri leo, Iten au Ngong, akaanza kwa mwendo wa polepole na kuongeza masafa juma kwa juma, anatenda, pengine bila kujua, lile ambalo mkulima wa Ihluku alilijaribu peke yake wakati walimu wa zama zake wakilipinga.

Lakini wasifu wa haki hauna budi kumtazama pia asiyekuwa ndani yake. Miaka ile ile Newton alipokuwa akiandika barua kuhusu shamba lake, hapa Kenya serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia ardhi askari wastaafu wa Kiingereza chini ya mpango wa 1919, na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi. Wao pia walikuwa na malalamiko. Hawakuwa na gazeti la kuwaandika wala mashindano ya kuwatangaza. Ilibidi ipite karibu nusu karne kabla ya Mnandi mmoja, Kipchoge Keino, kushinda mita 1,500 huko Mexico mwaka wa 1968 na kuifanya dunia iulize anatoka wapi.

Katika mbio za Wandani zenyewe, Mwafrika Robert Mtshali alikimbia njia nzima mwaka wa 1935 kwa muda wa saa 9 na dakika 30, na jina lake halikuandikwa katika matokeo. Milango haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote na kwa wanawake hadi mwaka wa 1975. Mwaka wa 1989 Sam Tshabalala akawa Mwafrika wa kwanza kushinda. Nishani yenye jina la Mtshali ilianzishwa mwaka wa 2019, miaka 84 baada ya safari yake.

Karibu na Drummond, katikati ya njia, kuna kishimo kilichochongwa katika ukingo wa barabara, ambapo inasemekana Newton alipenda kuketi kidogo kupumzika. Kinaitwa kiti cha Arthur. Wakimbiaji wanaopita huweka ua hapo na kumsalimu, wakiamini kwamba asiyemsalimu mzee huyo ataona taabu katika nusu ya pili. Siku hizi wengi wa wanaoinama kuweka maua hayo ni Waafrika, wajukuu wa watu ambao katika siku za Newton wasingeruhusiwa kuvaa namba ya mashindano. Humsalimu, kisha huinuka kuikabili Inchanga.